Kabati la sinki la bafuni: la dukani, la seremala au slabu ya zege?

Kabla ya kuuliza bei au rangi, tazama bafu lako linavyooshwa. Katika nyumba zetu nyingi, pwani na bara, choo, sinki na mahali pa kuogea vimo chumba kimoja chenye sakafu moja, na maji yote huteremkia tundu moja. Anayeoga kwa kopo na ndoo hurusha maji hadi kizingitini. Anayesafisha humwaga ndoo nzima, akatia sabuni na jiki, akasugua, kisha akayasukuma maji kwa mpira. Sasa weka ndani ya mafuriko hayo kabati lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya watu wanaofuta sakafu ya bafu kwa tambara. Miguu yake italowa asubuhi na jioni.

Ndiyo maana kabati la sinki hukaguliwa kuanzia chini kwenda juu: miguu, mgongo, mahali bomba linapopenya, ndipo uje usoni. Dukani wengi wetu huanzia usoni, na wauzaji wanalijua hilo.

Anayejenga au kukarabati hapa kwetu hukutana na njia nne: kabati la dukani la MDF (ubao wa nyuzi za mbao), la dukani la PVC (plastiki), la mbao kutoka kwa seremala, na slabu ya zege iliyofunikwa kwa vigae au graniti. Sinki la mguu, lisilo na kabati kabisa, lina mahali pake na nitalifikia.

| | MDF | PVC | Mbao ngumu | Slabu |
|---|---|---|---|---|
| Maji ya sakafuni kila siku | huvimba, halirudi | halivimbi | hustahimili ikipakwa pande zote | haijali |
| Mchwa | hushambulia | hawali | hutegemea mbao | hawana cha kula, labda milango |
| Skrubu za bawaba | hushika likiwa kavu | hulegea mapema | hushika sana | hutegemea fremu |
| Muda hadi kutumika | saa chache | saa chache | wiki kadhaa | wiki mbili hadi nne |
| Ukihama | laondoka | laondoka | laondoka | yabaki |

MDF hufa kuanzia kwenye tundu la bomba

MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Gundi yake ya kawaida, urea-formaldehidi, huachia ikikaa na maji, na ubao ukishavimba haurudi kimo chake hata ukiuanika mwezi mzima. Ipo MDF ya kustahimili unyevu, ambayo viwanda vingi huitia rangi ya kijani ndani ili itambulike. Hiyo huvumilia hewa yenye unyevu. Kusimama kwenye maji haiwezi.

Kabati la MDF huharibika mahali patatu: chini ya miguu, kwenye ukingo wa chini ya sinki ambako maji hutiririka kimya kimya, na kwenye tundu ambalo fundi bomba hulitoboa siku ya kufunga. La tatu ndilo baya zaidi. Kiwandani kabati lilifunikwa kila upande. Fundi anakuja na msumeno, anakata mgongo ili bomba lipite, anaacha ukingo uchi, na kila tone linaloshuka kwenye bomba linanyweka hapo. Ukinunua MDF, simama hapo hapo fundi apake vanishi au silikoni kwenye kila ukingo alioukata kabla kabati halijaenda ukutani. Ni kazi ya dakika chache, na wengi hawaifanyi wasipoambiwa.

Usidanganywe na neno la muuzaji kwamba "hii haiingii maji". Fungua mlango, chungulia tundu la skrubu au la bawaba. Ukiona unga wa kahawia au wa kijani, hiyo ni MDF. Ukiona kitu cheupe chenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo iliyokauka, hiyo ni PVC.

Pamoja na hayo, simo miongoni mwa wanaoitukana MDF. Katika chumba kikuu chenye bafu la ndani, ambako kuna kioo kinachotenga sehemu ya kuogea na sakafu ya upande wa sinki hubaki kavu, kabati la MDF la kuning'inia ukutani hukaa miaka. Likiwa Arusha, Mbeya au Nairobi, ambako hewa haibebi chumvi na joto la pwani, hukaa zaidi. Na sura yake ni safi kuliko zote: rangi imenyooka, droo zinateleza. Mradi lisiguse sakafu.

PVC: rafiki wa maji, adui wa skrubu

Hili ndilo limejaa madukani sasa, na kwa bafu la kawaida la pwani ndilo la dukani ambalo ningeangalia kwanza. Ni ubao wa plastiki yenye povu ndani. Halivimbi, mchwa hawana habari nalo, na ni jepesi kiasi kwamba watu wawili wanalibeba bila kuhema.

Udhaifu wake ni kwamba povu halishiki skrubu. Mlango unaofunguliwa mara nyingi kwa siku hulegeza bawaba, fundi anakaza, tundu linazidi kupanuka, mwishowe mlango unaning'inia upande mmoja. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana: ubao ukibonyea kirahisi, ni mwepesi mno. Chagua ulio mgumu, na ikiwezekana wenye droo chache na milango midogo. Bawaba zikishalegea, tiba ni kujaza tundu kwa gundi ya epoksi, kuacha ikauke kabisa, kisha kutoboa upya. Kuweka njiti ya kiberiti, ambayo mafundi wengi huipenda, kunasaidia wiki mbili.

Tena, joto. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto kati ya 70 na 80 hivi. Nyumba za pwani tunafukiza udi, na chetezo huwekwa popote penye nafasi. Juu ya sinki la kauri hakuna shida. Juu ya rafu ya PVC kitaacha shimo.

Jambo jingine ambalo muuzaji halisemi ni uzito wa sinki lenyewe. Kauri nzito iliyo juu ya kisanduku chepesi haitakiwi kubebwa na mbavu za kisanduku. Ibebwe na vyuma vilivyofungwa ukutani, kabati lenyewe liwe kama vazi tu. Uliza vyuma hivyo kabla ya kulipa. Wakikuonyesha viplastiki viwili vya kona, ongeza vyako.

Na ukuta je? Kuta za mawe ya kuchonga za Nairobi hushika bolti kwa uhakika. Tofali la mchanga lililopigwa kwa saruji ya kuhesabu, ambalo ukilikwaruza kwa msumari linamwaga mchanga, halishiki. Kwa ukuta kama huo, ama bolti ipite hadi upande wa pili na kushikwa na bamba la chuma, ama usining'inize kitu.

Seremala

Hoja kubwa ya seremala ni kipimo. Madukani utapata upana wa sentimita 60, 80, 100 au 120. Nafasi yako ina 73. Ukinunua la 60, unabaki na mwanya wa kukusanya nywele na ukungu. Seremala anakutengenezea 72, mwanya unaishia kwenye silikoni.

Mninga ni chaguo zuri kwa sababu ambayo haihusu urembo: ni mbao inayojikunja na kutanuka kidogo sana hewa inapobadilika, na kiini chake hustahimili mchwa. Mkongo nao ni mgumu na hudumu. Ila ni kiini kinachodumu. Ubao wa pembeni ya gogo, wenye rangi ya maziwa, hutobolewa na wadudu hata kama gogo ni la mninga. Ukienda karakana za Keko, Dar es Salaam, geuza ubao pande zote mbili kabla haujarandwa. Mbao za Mafinga, yaani msonobari wa mashambani, ni nafuu na zinapatikana kila kona, lakini bila dawa mchwa huzichukulia kama karamu, na kwa bafu la maji mengi ningezikataa.

Mapatano na seremala yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Mchezo unaojulikana ni huu: milango ya mninga safi, mbavu za mninga, halafu mgongo wa plaiwudi nyembamba na sakafu ya ndani ya chipbodi, yaani pale pale bomba linapovuja. Andika kwamba sakafu ya ndani na mgongo viwe vya mbao au vya marini, ule ubao wa kahawia wa kumwagia zege, kingo zake zikiwa zimezibwa.

Rangi ya kumalizia nayo iseme. Polishi inayoyeyushwa kwa spiriti inang'aa sebuleni, lakini ikilowa hutoa madoa meupe. Omba vanishi ya poliurethani, na ipakwe pande zote, pamoja na nyayo za miguu na mgongo unaotazama ukuta. Seremala atakuuliza, "Kwani nani ataona huko nyuma?" Mwambie maji yataona.

Mbao iwe imekauka. Ubao mbichi uliopakwa vanishi leo utapasuka viungo msimu wa kaskazi, wakati nyumba inachemka. Kama seremala hana tanuri la kukaushia, nunua mbao mapema zikae ndani ya nyumba yako, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Slabu, na kwa nini ndiyo chaguo langu kwa bafu la familia

Bafu linalotumiwa na watoto, wageni na msaidizi wa nyumbani, linalomwagiwa ndoo kila asubuhi, nalipa slabu bila kusitasita. Zege lenye nondo, unene wa inchi tatu, limekaa juu ya kuta fupi za tofali pande mbili au limeshikwa ndani ya ukuta, halina mguu wa kuoza wala mgongo wa kuvimba. Chini kunabaki wazi, na hapo ndipo ndoo na pipa la akiba vinakaa siku maji yakikatika. Kabati la kifahari linalojaza nafasi hiyo lote litakufanya uweke pipa katikati ya njia.

Lina uzito, usilichukulie kirahisi. Slabu ya mita 1.2 kwa nusu mita yenye unene wa sentimita 7.5 ni zaidi ya kilo 100 za zege, kabla ya vigae na sinki. Ndiyo maana napenda vikuta viwili vya tofali kuliko kulitegemeza kwenye ukuta mwembamba peke yake. Limwagiliwe maji angalau wiki moja, na mbao za chini zisitolewe kabla ya wiki mbili. Fundi anayetaka kuzitoa keshokutwa ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine.

Juu yake unaweza kuweka vigae vile vile vya ukutani, ambavyo ni rahisi na vinafanana na chumba, ila viungo vyake hushika ukungu na uchafu wa dawa ya meno. Graniti ya sentimita 2 ni kipande kimoja, haina viungo, na inapanguswa mara moja. Kipande cha ukubwa huo kina kama kilo 32. Ukiuliza bei, uliza pia kama imejumuisha kukata tundu la sinki, kutoboa la bomba na kusaga ukingo wa mbele; mara nyingi hizo huhesabiwa peke yake, na ndipo bei inapopanda.

Jihadhari na marumaru nyeupe, hata ikupendeze vipi. Limau, siki na dawa za kusafishia choo zenye asidi huila na kuacha mabaka yasiyong'aa. Terazo zile za nyumba za zamani zina tatizo hilo hilo pale zilipochanganywa na vipande vya marumaru. Kama huna hakika umeuziwa nini, omba kipande kilichokatwa, dondoshea maji ya limau, subiri. Marumaru itatoa vipovu au itafifia. Graniti itakaa vile vile. Na silikoni inayonuka siki isitumike kwenye marumaru, kwa kuwa harufu hiyo ni asidi yenyewe.

Milango ya slabu, ukiitaka, ifanywe na fundi alumini, yenye vipande vya kupitisha hewa. Pazia la plastiki pia linafanya kazi, na anayelicheka hajawahi kubadilisha bawaba iliyoota kutu.

Ubaya wa slabu ni kwamba ukiikosea, nyundo ndiyo dawa. Mabomba lazima yawe mahali pake kabla ya zege kumwagwa, na vigae vya ukutani vije baadaye. Kwa nyumba iliyokwisha vigae, kuvunja ili kuijenga ni gharama ambayo PVC ya kuning'inia inakuokoa nayo.

Sinki la bakuli, na maji yanaporudi usiku

Sinki la bakuli linalokaa juu ya meza ndilo linalopigwa picha zaidi. Lina kasoro mbili. Kwanza, kimo. Ukingo wa sinki ukiwa sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni, watu wazima wengi wananawa vizuri. Bakuli linaongeza sentimita 12 hadi 15. Ukiliweka juu ya meza ya 85, mtoto hafiki, na maji ya mtu mzima yanamtiririkia hadi kwenye viwiko. Meza yake iwe kama 70.

Pili, mabakuli mengi hayana kile kitundu cha kupunguzia maji karibu na ukingo. Sisi tunaishi na mgao wa maji. Mtu anafungua bomba mchana, maji hayatoki, anaondoka bila kufunga. Saa nane usiku maji yanarudi. Kama kizibo kimefungwa na sinki halina kitundu hicho, utaamka na korido imejaa. Kwa nyumba yenye watoto ningenunua sinki lenye kitundu hata kama sura yake ni ya kizamani.

Halafu kuna udhu. Nyumbani kwa Waislamu, hadi mara tano kwa siku mtu huinua mguu na kuuosha kwenye sinki, akiegemea ukingo. Sinki la kuning'inia lenye bolti mbili halikukusudiwa kubeba hivyo, na kabati la PVC chini yake litavunjika shingo. Slabu inabeba. Njia nzuri zaidi ni bomba la chini karibu na tundu la maji, usawa wa goti au chini kidogo, lenye kibao cha kukalia. Wazee watakushukuru, na sinki litabaki kavu.

Bomba na koki

Seti za dukani huja na bomba la kuchanganya maji moto na baridi. Kama nyumba haina bomba la maji moto hadi kwenye sinki, mpira mmoja unabaki hauna kazi na lazima uzibwe. Bomba la maji baridi tupu ni rahisi na lina vitu vichache vya kuharibika. Halafu kumbuka presha: mita 10 za kimo ndizo hutoa baa 1. Simtanki lililo mita 3 juu ya bomba linakupa baa 0.3 hivi, na mabomba mengine ya kisasa yenye vijia vyembamba yatatoa uzi tu. Jaribu bomba lenye mdomo mpana.

Chuma cha pua nacho kina daraja. Cha 304 kina kama asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Cha 201 kimepunguziwa nikeli na kutiwa manganizi, na karibu na bahari huota kutu mapema. Sumaku haitakusaidia kuvitofautisha, kwani kwa kawaida vyote viwili haivishiki. Angalia muhuri wenye namba ya daraja, na kwa bawaba na skrubu za pwani lipa kidogo zaidi.

Usisahau nafasi ya kusimama. Mbele ya kabati pabaki angalau sentimita 60, na mlango wa bafu ufunguke bila kugonga kona. Kata boksi la kadibodi kwa kipimo cha kabati, liweke mahali pake, kisha jaribu kukaa chooni na kufungua mlango. Kabati lenye kina cha sentimita 50 huonekana dogo dukani na kubwa sana kwenye bafu la mita moja na nusu. Vipo vya kina cha 40, hata chini ya hapo.

Nyumba ya kupangisha

Hapa sihangaiki: sinki la mguu. Kauri mbili, bolti mbili, bomba linaonekana na kila mpangaji anaweza kuona linapovuja. Kabati kwenye nyumba ya kupanga huficha uvujaji hadi mpangaji wa chini apige simu. Akitaka mahali pa kuweka sabuni, rafu ya kioo ukutani inatosha.

Fundi yeyote atakayefunga, kwa aina yoyote utakayochagua, asilipwe sehemu ya mwisho siku hiyo hiyo. Weka kizibo, jaza sinki hadi juu, liachie lote kwa mkupuo, kisha pitisha karatasi ya chooni iliyo kavu kwenye kila kiungo cha chini, pamoja na koki mbili ndogo za ukutani. Tandaza gazeti chini yake lilale hapo usiku. Asubuhi likiwa kavu, mmalizie fedha yake.